Kahawa na Wenzake

Mjini Musoma maji hayangoji kufika nyuzi 100 ndipo yachemke. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mji umekaa ukingoni mwake, na birika lililoinjikwa pale Mwigobero huanza kutokota likiwa kwenye nyuzi 96 hivi. Ulaya na Marekani wapo watu wanaonunua vipimajoto kwa ajili hiyo tu, maji yao yasipande zaidi ya hapo, kwa kuwa kahawa hupendelea maji ya kati ya nyuzi 90 na 96. Muuza kahawa wa Musoma amepewa kipimo hicho na ardhi. Mengine yote ameyatafuta mwenyewe kwa mikono, pua na masikio, na hayo mengine ndiyo yanayonikalisha kijiweni nikimtazama hata baada ya kikombe changu kuisha.

Wengi huiita kahawa ya kijiweni kahawa chungu, wakaishia hapo. Uchungu upo, sikatai. Lakini kahawa hii haikupikwa inywewe peke yake. Imepikwa kwa kumfikiria mwenzake: kashata ya karanga, tende mwezi wa Ramadhani, kipande cha muhogo wa kuchemsha asubuhi na, kwa baadhi ya wazee wa Mara, tumbaku. Fundi anayeijua kazi yake hupika kikombe kilichoacha nafasi makusudi, mwenzake aje aijaze. Ukiinywa bila huyo mwenzake unaweza kumlaumu mpishi kwa jambo alilolipanga.

Mkoa wa Mara una kahawa yake. Ukitoka Musoma kuelekea Sirari unavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, halafu barabara inaanza kupanda mpaka nyanda za Tarime, mita 1,500 na zaidi, ambako wakulima wanapanda arabika. Kule ng'ambo ya ziwa, Kagera, robusta ndiyo iliyotawala, na Wahaya wana desturi ya siku nyingi ya kuzichemsha buni na majani yenye harufu, kuzikausha, kisha kuzitafuna na kumkaribisha mgeni nazo. Tarime haina desturi hiyo. Kahawa ya huko humenywa, huvundikwa, huoshwa na kuanikwa juu ya vichanja, kisha inaondoka. Sehemu kubwa kabisa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ya nchi, na punje kubwa zilizo safi ndizo zinazotangulia melini. Kijiweni hufika zilizobaki: ndogo, zilizovunjika, nyingine nyeusi upande mmoja, nyingine zimetobolewa na wadudu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika kwenye ungo. Nimewaona wakiifanya usiku, baada ya kufunga, taa ikiwa karibu: kupepeta, kuchambua, kutupa kokoto, kutenga punje nyeusi. Punje moja iliyooza huweza kuharibu kikaango kizima, na mteja hatajua kilichoharibika. Atahisi tu kwamba leo kahawa ina harufu ya gunia. Mashamba makubwa yana mashine zinazotenganisha punje kwa ukubwa na kwa uzito. Huyu ana vidole, na anazipitia punje zote, kila siku, kwa ajili ya kinywaji cha bei ndogo. Sijui namna bora ya kuyaita hayo zaidi ya heshima kwa mnywaji.

Kukaanga ndiko kwenye siri. Musoma imezungukwa na maji pande nyingi, na mchana upepo wa ziwa huingia mjini kwa nguvu, ukayachochea makaa kwa namna ambayo mtu hawezi kuitawala. Fundi hukaanga alfajiri, au hujificha nyuma ya ukuta. Buni zikiwa mbichi ni za kijani kibichi chenye kijivu kwa mbali. Hugeuka njano, harufu ya majani inaondoka, inakuja ya nafaka. Zikifika nyuzi 200 hivi zinapasuka kwa sauti kavu, moja moja, kisha zote kwa pamoja. Zinanyamaza. Hapo ndipo wakaangaji wengi wa migahawa ya kisasa huzitoa motoni, maana uchachu wa tunda bado umo. Fundi wa kijiwe haondoi. Anaendelea kukoroga mpaka upasukaji wa pili, ulio laini na wa haraka zaidi, mafuta yanapoanza kung'aa juu ya punje, na moshi kubadilika rangi. Kutoka hapo ana muda mfupi sana. Akichelewa, amekaanga mkaa.

Hafanyi hivyo kwa ushamba, kama wanavyodhani baadhi ya vijana waliosomea kahawa. Buni zinapokaangwa hupoteza uzito: ukiweka kilo moja ya mbichi, ukifika kwenye weusi huo umebaki na gramu 800 au pungufu yake kidogo. Kila dakika ya ziada ni kikombe asichokiuza. Mtu mwenye mtaji mdogo haunguzi fedha yake bila sababu. Sababu ni sukari ya kashata. Kahawa iliyokaangwa kidogo, yenye uchachu wa tunda, ikikutana na sukari iliyoungua hugombana nayo mdomoni. Ile nyeusi huikubali. Fundi amekwisha kumchagua mwenzake kabla hata ya kuinjika maji.

Kisha kinu. Mashine ya kusaga hutoa unga unaolingana, na wajuzi wanausifu sana. Kinu hakilingani: chini unga laini, juu vipande. Nilikuwa nikiuona huo kuwa upungufu wa chombo, lakini birika la kijiweni hukaa juu ya makaa saa nyingi, na katika hali hiyo unga uliolingana ungetoa kila kitu mara moja na kubaki maji machungu. Mchanganyiko wa kinu hutoa kidogo kidogo. Unga hutoa rangi na ukali mwanzoni. Vipande vinafuata polepole na kulishikilia birika lisife. Tangawizi huongezwa na wengine, hiliki na wachache, mdalasini pale inapopatikana kwa bei nafuu. Mimi napenda tangawizi peke yake. Hiliki ni nzuri, ila hupenda kuongea kuliko kahawa.

Kashata nayo hupikwa na fundi wake, mara nyingi mama wa nyumbani anayemletea muuza kahawa sinia asubuhi. Sukari huyeyushwa kwenye sufuria kavu bila maji, na huyu naye anatazama rangi tu: njano, dhahabu, kahawia. Karanga zimekwisha kukaangwa na kumenywa pembeni. Zikiingia mapema sukari inapoa na kuganda mabonge. Zikichelewa, sukari imeungua na kashata inakuwa chungu kabla ya kahawa. Anamimina kwenye ubao uliopakwa mafuta, anasukuma kwa chupa, anakata ingali moto. Sukari inapopita nyuzi 160 huanza kuvunjika na kutoa harufu mpya, na sukari zilizomo ndani ya punje ya kahawa hupitia jambo la namna hiyohiyo ndani ya kikaango. Vitu hivi viwili vimepita katika moto mmoja kabla ya kukutana kinywani. Ndiyo maana hupatana: utamu huupunguza uchungu ulimini, mafuta ya karanga huufunika ulimi, kahawa ya moto huja kuyaosha, na kinywa kinakuwa tayari kwa kipande kingine.

Wavuvi wa dagaa ndio wanaoujua mpangilio huu kuliko sisi wote. Wamekesha ziwani na taa zao, wanarudi alfajiri wakiwa wamelowa, na kikombe cha kwanza hawakiwekei kitu chochote. Ni cha kuwasha mwili. Kashata inaanza na kikombe cha pili, mtu akiwa amekwisha kukaa chini. Nimejaribu kuigeuza, kashata kwanza, na kikombe cha kwanza kikapotea kabisa. Utamu ulikuwa umemfungia kahawa mlango.

Bunda ni habari nyingine. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya kutoka Mwanza, mabasi yanaingia na kutoka, na watu wanaokwenda lango la Ndabaka la Serengeti wako jirani. Pale stendi kahawa inatembea: muuzaji amebeba birika lenye jiko la makaa chini yake kwa mkono mmoja, vikombe kwa mkono wa pili, anavigonganisha ili abiria ajue amefika. Ufundi wa kubeba ninaustahi sana, maana birika halitikisiki ingawa anapita katikati ya mizigo na bodaboda. Kahawa yenyewe, niseme ninavyoona, haiifikii ya Musoma. Mnywaji ana mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Anaimimina kooni, anatafuna kashata akiwa kwenye kiti, na vile vitu viwili vilivyopikwa vikutane havikukutana.

Sasa nije kwa tumbaku, ambayo ina mengi ya kusemwa.

Mimea hii miwili ilipishana baharini. Kahawa ilitoka misitu ya Ethiopia, ikavuka kwenda Yemen, ambako masufi wa karne ya 15 waliinywa ili wakeshe kwenye dhikiri, ikasafiri kwa bandari ya Mokha mpaka kuifikia dunia. Tumbaku ilitoka Amerika. Mwaka 1492 watu wa Columbus waliwakuta wenyeji wa Cuba, Wataino, wakivuta majani yaliyokunjwa, na baada ya hapo mabaharia waliitawanya kila pwani, ya kwetu ikiwemo. Leo mzee wa Kizanaki mwenye kiko chake hana haja ya kukumbuka kwamba jani hilo lilikuja kwa jahazi na merikebu. Limekuwa la kwao. Na Cuba, kisiwa cha tumbaku, kilipata kahawa nyingi pale wenye mashamba wa Kifaransa walipokimbia mapinduzi ya Haiti katika miaka ya 1790 na kuja kulima kwenye milima ya mashariki yake. Mimea hii ikawa imekutana kwenye kisiwa kimoja, na Wacuba wakaizoea kahawa fupi, nzito, yenye sukari nyingi, huku sigara nene iliyosokotwa kwa mkono ikiteketea taratibu pembeni.

Sigara hizo hazikuwa ngeni kwetu kabisa. Che Guevara alipita Dar es Salaam mwaka 1965 akielekea Kongo kupitia Kigoma, akarudi na kujificha katika ubalozi wa Cuba akiandika kumbukumbu za vita vile. Alikuwa mvutaji mkubwa, ingawa alikuwa na pumu. Fidel Castro alikuja Tanzania mwezi Machi 1977, mgeni wa Mwalimu Nyerere, enzi ambazo picha yake bila sigara ilikuwa adimu. Yeye aliacha kuvuta mwaka 1985.

Ukitaka kujua kwa nini sigara ile na kahawa hupatana, angalia jani linavyotengenezwa. Tumbaku ya Urambo na sehemu nyingine za Tabora hukaushwa kwenye mabani kwa joto la kuni, siku chache, mpaka jani linakuwa la dhahabu na sukari yake inabaki ndani. Moshi wake ni mchachu. Jani la sigara ya Cuba hutundikwa kwenye banda na kuachwa likauke kwa hewa kwa wiki nyingi, kisha hurundikwa mafungu makubwa, yakalowanishwa kidogo, yakaanza kupata joto yenyewe. Fungu likizidi joto hufumuliwa, jani la ndani likaletwa nje, likarundikwa upya. Kazi hiyo huchukua miezi, hata miaka. Sukari inaisha, harufu kali ya amonia inatoka, na moshi wake unakuwa wa asili ya magadi. Kahawa, hata ile nyeusi, haikosi uchachu. Uchachu na magadi hukatana, kila kimoja kikapunguza ukali wa mwenzake, na kinachobaki kinywani ni ile harufu ya vitu vilivyokaangwa ambayo kahawa na tumbaku iliyovundikwa zinayo kwa pamoja.

Na hapa wazee wa Mara wananishangaza. Ugoro wao husagwa, halafu huchanganywa na magadi. Hawakuwa na mafungu ya Cuba wala miaka ya kungoja, lakini walitambua kwamba tumbaku bila magadi haifungui pua wala haiamshi kichwa, wakatia kiganjani kile ambacho Wacuba wanakipata kwa kuvundika. Kemia ni ileile: magadi huiachilia nikotini ipenye haraka. Mzee akishanusa, akapiga chafya yake, akaomba kahawa, anafanya kwa kiganja na kikombe jambo lilelile linalofanywa Havana kwenye viti vya ngozi. Niliposoma jinsi moshi wa sigara za Cuba ulivyo, jambo la kwanza lililonijia ni kopo dogo la ugoro.

Muuza kahawa analijua jambo jingine ambalo wanasayansi wamelithibitisha. Mvutaji huomba kikombe cha pili mapema. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liiondoe kafeini mwilini kwa kasi inayokaribia mara mbili ya mtu asiyevuta, kwa hiyo kahawa inamwishia upesi. Fundi hajasoma hayo. Amemwona tu mzee mwenye kiko akisogeza kikombe mbele wakati wengine bado wanapuliza, na birika tayari limekwisha inamishwa.

Sitamshawishi mtu aanze. Moshi wa sigara nene haupelekwi kifuani, wala ugoro haufiki huko, lakini saratani ya kinywa na ya koo haihitaji kifua. Nimeona wazee niliowapenda wakikohoa usiku kucha. Uzuri wa ufundi huu nauona, na hasara yake naiona pia. Ukiniuliza kahawa aolewe na nani, nitasema kashata, bila kusita.

Butiama ndiko unakouona mwendo wa mambo haya ulivyotakiwa kuwa. Kijiji kimekaa kwenye vilima vya mawe makubwa, na Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu, pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka aliofariki. Mwalimu alipoacha urais mwaka 1985 alirudi hapa, na mojawapo ya starehe zake ilikuwa bao. Bao ni mchezo wa kungoja. Mtu anahesabu kete kwa macho, ananyamaza, anahesabu tena, na wanaotazama hawaruhusiwi kumharakisha, ingawa wote wanamfundisha. Kahawa ya kijiweni ilitengenezwa kwa ajili ya muda wa namna hii. Kikombe ni kidogo, hakina mkono, kinashikwa kwa ukingo wake. Kahawa ni ya moto kiasi kwamba huwezi kuinywa mara moja, na kabla haijapoa imekwisha. Ukubwa wa kikombe ndio unaomlazimisha mtu aombe tena, na kila kuomba tena ni nafasi ya fundi kubadilisha anachokimimina.

Maana hamimini kahawa ileile kwa wote. Akiliinamisha birika polepole baada ya kulituliza, inatoka ya juu, nyepesi, isiyo na vumbi. Akilitikisa kwanza, inatoka nzito.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nikutikisie?"

"Nitikisie. Nina kiko."

Mwenye kashata hatikisiwi, kwa sababu vumbi la kahawa likichanganyika na vipande vya karanga linakwaruza. Mwenye kiko hutikisiwa, kwa sababu moshi unaifunika kahawa nyepesi isisikike. Mgonjwa wa tumbo hupewa ya juu kabisa, na nusu kikombe. Mtoto aliyetumwa na babu yake anapewa iliyofunikwa kwa kisahani. Hayo yote yanafanywa na mtu mmoja aliyekaa kwenye kibao, akiwa na watu kumi mbele yake, huku akisikiliza ubishi wa mpira na kuujibu.

Ubishi huo nao ni sehemu ya kikombe. Mwaka 1865, kwenye karakana ya El Fígaro mjini Havana, wasokotaji wa sigara walikubaliana kuchanga fedha zao na kumlipa mwenzao mmoja awasomee kwa sauti wakiwa kazini: magazeti asubuhi, riwaya baadaye. Desturi hiyo ilienea Cuba nzima. Sigara ya Montecristo ilipata jina lake kutokana na riwaya ya Dumas ambayo wasokotaji walipenda kusomewa. Kwetu wanaosomewa ni wanywaji. Gazeti moja linafika kijiweni, mwenye macho mazuri au mwenye sauti anasoma kichwa cha habari, wengine wanadai asome yote, mmoja anasema hilo ni uongo, na kikombe kinapelekwa kwa msomaji bila malipo kwa kuwa koo lake limekauka. Palipo na mikono iliyotulia kwenye jambo moja la polepole, masikio yanatafuta kazi.

Kuna hatua moja ya mwisho, na ndiyo ninayowapimia mafundi. Birika likibaki robo, mwanafunzi wa kazi hii huongeza maji, akatia kijiko cha unga, akachochea makaa. Kwa macho kahawa inaonekana ileile. Lakini mashapo ya zamani yamekwisha toa yote mazuri, yakipigwa maji mapya hutoa ukavu unaobana ulimi, na kashata haiwezi kuuponya. Huo ni ukavu, na sukari hushughulika na uchungu. Mwenye kiko naye hukunja uso, maana tumbaku ilikwisha mkausha kinywa. Fundi haongezi. Anamwaga mashapo, anasuuza birika, anavipindua vikombe kwenye sinia. Mteja akifika na fedha mkononi, hata akiwa mtu mzima wa kuheshimiwa, anajibiwa kwa upole: "Imeisha, baba. Nyingine naipika sasa hivi, inataka nusu saa." Wapo wanaoondoka kwenda kwa jirani aliyeongeza maji. Wengi huvuta kiti.